Mgeni wa Serikali Asione Kiu

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo si yetu wala si ya jirani zetu, kulikuwa na amani, upendo, mshikamano, na Wizara ya Unyevu, Ukavu na Mengineyo. Nchi yenyewe iliitwa Ustawini. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukidhani umeiona, basi kasoro iko machoni mwako na unashauriwa kumwona daktari.

Kusini mwa Ustawini palikuwa na Bonde la Kitope: kaya arobaini na tatu, mfereji mmoja, na lango moja la chuma lililozuia maji ya mto yasiingie mferejini hovyo. Maji yalimtosha kila mtu, mradi lango lifunguliwe siku yake na lifungwe siku yake. Kazi ya kuijua siku hiyo ilikuwa ya Bi Sikitu binti Mwalami, mwanamke wa makamo, mpana wa viganja na mkali wa ulimi, aliyechaguliwa na wenzake kuwa mshika udongo. Aliingia shambani, akafukua kina cha shubiri moja, akachota konzi ya udongo, akaiminya, kisha akaiachia ianguke kutoka usawa wa kiuno. Bonge likisambaratika, lango lifunguliwe. Bonge likitua zima, watu wakae watulie. Miaka thelathini alifanya hivyo, na haikupata kutokea vitunguu vya Kitope vikafa kwa kiu au kuoza kwa maji.

Njia hii ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilifanya kazi bila kuzinduliwa. Kiganja cha Sikitu hakikuwa na utepe wa kukatwa, wala kitambaa cha kufunuliwa, wala kibao chenye jina la mheshimiwa yeyote. Serikali inayojiheshimu haiwezi kuvumilia jambo la namna hiyo, na ile ya Ustawini ilikuwa imevumilia miaka thelathini, mtu asije akasema haikuwa na subira.

Mwaka ninaousimulia, Sikitu alikuwa na mzigo mwingine begani. Kitunguu chekundu cha Kitope hakiuzwi mbegu zake dukani popote. Wenyewe huzitunza kwa zamu, kila mwaka kaya moja inazalisha mbegu za kaya zote. Mwaka huo zamu ilikuwa yake. Katika shamba lake vitunguu mama vilikuwa vimesimama, vichwa vya maua meupe vinaanza kufunguka, na ndani ya vichwa hivyo mlikuwa na msimu ujao wa watu wote wa bonde. Vikikauka, Kitope nzima ingebaki na majembe tu. Sikitu alijua hivyo kila alipolala na kila alipoamka.

Ndipo kifaa kilipokuja.

Kilikuja na msafara wa magari kumi na saba, ngoma mbili, na Waziri wa Unyevu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Balozi Mhandisi Mafumba, ambaye vyeo vyake vilimlazimu mshereheshaji kuvuta pumzi katikati. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo: meno matatu ya chuma ya kuchomekwa ardhini, waya mrefu wa kiasi, na mlingoti wenye kipande cha sola juu. Mtaalamu alieleza kwa dakika mbili, kwa kuwa ndizo alizopewa, kwamba meno yale hupima unyevu wa udongo na kupeleka hesabu yake hadi makao makuu kila saa. Huko kuna kioo kikubwa cha kompyuta ukutani. Hesabu ikishuka chini ya asilimia thelathini, kioo kinaamuru lango lifunguke. Ikizidi thelathini, lango linabaki limefungwa. Mkono wa chuma aliokuwa anauzungusha Sikitu kufungua lango uling'olewa siku hiyohiyo ukapelekwa makumbusho. Meno yalichomekwa katika kona ya shamba la Sikitu, kwa heshima ya mbegu.

Kusema kweli, kifaa hakikuwa kibaya. Sikitu mwenyewe alikitazama akakipenda. "Kitanipunguzia kuinama," alimwambia jirani yake. Na huenda kingempunguzia, kama Waziri hangehutubia.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Kifaa hiki si kifaa!"

Makofi.

"Kifaa hiki ni mgeni!"

Vigelegele, maana wapiga vigelegele walikuwa wameletwa kwa lori tangu alfajiri na walitafuta tu pa kuanzia.

"Ametoka mbali! Amevuka bahari! Hapa hana shangazi wala mjomba! Nawaambia, na asiye na masikio aazime: mtunzeni mgeni wangu!"

Kisha akala, akanywa, akaondoka.

Mkuu wa Tarafa, Bwana Lugoda, alibaki na maneno yale kichwani. Lugoda hakuwa mjinga. Alikuwa mtumishi wa umma wa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kwamba neno la mkubwa halichambuliwi, linatekelezwa. Siku ya pili yake akatoa waraka:

*Mgeni wa Serikali asione kiu. Kwa mila na desturi zetu, mgeni hupewa maji kwanza, ndipo huulizwa habari. Hivyo basi, mgeni atapewa ndoo moja ya maji asubuhi na ndoo moja alasiri, na atasalimiwa.*

Kazi hiyo akapewa mgambo mmoja mnyenyekevu aitwaye Kombora. Kila asubuhi Kombora alitoka mtoni na ndoo yake, akasimama wima mbele ya mlingoti, akasema, "Shikamoo, mgeni," akaimimina ndoo yote juu ya yale meno ya chuma, taratibu, asije akamshtua. Alasiri akarudia.

Kule makao makuu kioo kilisoma asilimia tisini na mbili. Wakurugenzi wakapongezana. Lango la Kitope likafungwa kimya kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Siku ya saba Sikitu aliminya udongo, nao ukasambaratika. Siku ya kumi haukukubali hata kuminyika. Ukizunguka shamba lake uliona ardhi imepasuka na majani yamejikunja, isipokuwa pale konani, mahali pa upana wa ungo, palipokuwa chepechepe hadi vyura wawili wamehamia. Sikitu akaanza kubeba maji mtoni kwa kichwa, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Siku ya tatu ya kubeba akaletewa karatasi: *Kumwagilia udongo ambao Serikali imekwisha kutangaza kuwa umelowa ni kuisingizia Serikali uongo. Acha mara moja.*

Akachota konzi ya udongo, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda tarafani.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama," alisema Lugoda. "Leta shida yako, ila kwa kifupi."

 Sikitu alifungua pindo, akaumimina udongo mezani. Ukatiririka juu ya mafaili kama unga wa sembe, mwingine ukaingia kwenye kikombe cha chai.

"Sasa hii nini?"

"Udongo wa shambani kwangu, bwana mkubwa. Niambie wewe, una maji huo?"

Lugoda hakuugusa. Alichukua simu yake, akaitazama, akatabasamu. "Asilimia tisini na mbili. Mama Sikitu, udongo wako umelowa. Una bahati."

"Na huu ulio mbele yako?"

"Hayo ni maoni, mama. Maoni unaruhusiwa kuwa nayo. Takwimu ziko huku."

"Takwimu umezipata kwa nani?"

"Kwa mgeni."

"Na mgeni humwagiwa ndoo mbili kwa siku."

"Kwa mujibu wa waraka, naam."

"Basi si anapima ndoo ya Kombora?"

Lugoda aliinuka, akafunga mlango, akarudi akakaa. Sauti ilipungua, na ikawa sauti ya mtu. "Mama, mimi nina watoto wanne. Kule bonde la Mkwaju mgeni wao, kama huyu wetu, alishuka hadi arobaini, arobaini tu, na mwenzangu sasa yuko kisiwani anahesabu popo kwa niaba ya Taifa. Mimi kule Mkwaju nina dada yangu, na hata yeye kanishauri nisifanye mchezo. Kama ni waraka mtupu ningeufuta. Lakini nimeujenga juu ya mila, na mila nani ataifuta?"

Sikitu alimwonea huruma kidogo, kisha hasira ikaifukuza huruma. Aliaga. Alipofika mlangoni akageuka.

"Bwana mkubwa, mgeni ana siku ngapi tangu aje?"

"Kumi na nne."

"Na mila inasema mgeni afanyiwe nini?"

"Apewe maji."

"Hiyo ni siku ya kwanza. Mimi nakuuliza hesabu yote. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu?"

Mdomo wa Lugoda ulifunguka wenyewe, kama ambavyo ungefunguka wa mtu yeyote aliyelelewa Ustawini. "Mpe jembe," alisema, na papo hapo akajua ameshikwa.

Barua ya Lugoda ikaenda makao makuu. Kwa kawaida barua ya tarafa hujibiwa mwandishi akiwa amekwisha kustaafu, lakini hiyo ilikuwa Wiki ya Mila, na Wizara iliogopa kuonekana inadharau mila ndani ya wiki yake. Jibu likaja siku ya pili: *Wizara inakiri kupitiwa. Mgeni apewe jembe, na tangu siku hiyo ndoo zisitishwe, kwa kuwa anayelima hujitafutia. Kwa kuwa mgeni hana mikono, mgambo amsaidie kushika.*

Jembe lilizinduliwa. Lilikuwa na utepe kwenye mpini. Lugoda alitoa hotuba fupi ya saa moja juu ya uvivu, akalikabidhi kwa mgeni, mgeni akanyamaza, ikachukuliwa kuwa ameshukuru. Wakubwa walipoondoka, Kombora akabaki na Sikitu, jua la saa nane likiwaka. Akalishika lile jembe kwa niaba ya mgeni, akainua, akapiga. Akapiga tena. Pigo la tatu likaingia chini ya meno matatu ya chuma na kuyang'oa yote, yakaruka yakaanguka juu ya tuta kavu.

Kombora alikaa chini. "Bi Sikitu, nimeua mgeni wa Serikali."

Sikitu aliyaokota yale meno, akayafuta tope kwa kanga, akayageuza huku na huku. Waya ulikuwa mzima. Taa ndogo ilikuwa inamemeta bado. Akayatundika kwenye msumari wa mlingoti, yakaning'inia juani.

"Hajafa, kaka Kombora. Amepumzika. Wewe ukilima hupumziki?"

"Napumzika," alisema Kombora.

"Basi."

Kule makao makuu, wakurugenzi kumi na mmoja walikuwa wanakunywa chai mbele ya kioo. Hesabu ya Kitope ikashuka kutoka tisini na mbili hadi sifuri kabla vikombe havijafika midomoni. Haikupata kuonekana sifuri Ustawini. Hata kwenye matokeo ya uchaguzi Serikali ilikuwa haimpi mtu sifuri, ilimpa moja kwa huruma. Mkurugenzi mmoja alizirai. Kioo hakikuzirai. Kiliamuru, na lango la Kitope likafunguka lote hadi mwisho.

Sikitu aliyasikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuja mferejini yakisukuma majani makavu na povu, yakaingia matutani, na ardhi ikayanywa kwa sauti. Akaingia mferejini na kanga yake, maji yakamfika magotini, akalia kwa sauti kubwa bila kujali nani anamwona. Baadhi ya vichwa vilikuwa vimekwisha kuungua, kama kimoja katika kila vinne. Lakini vingine viliinuka. Baada ya siku tatu maua yalifunguka yote, na nyuki wakaja.

Hadithi ingeishia hapo, watu wakalale. Tatizo ni kwamba maji hayakukoma.

Mgeni alikuwa bado amepumzika juani, na kioo kilikuwa bado kinasoma sifuri. Wiki tatu zikapita, maua yakaanguka, mbegu zikaanza kuwa nyeusi ndani ya vichwa. Hapo mbegu ya kitunguu haitaki maji. Ikipata maji huota ukungu, na ikiota ukungu imekwisha. Mfereji ulifurika. Vyura walioanza wawili walikuwa sasa ukoo mzima. Sikitu akachota bonge la tope, akaenda nalo tarafani, akaliweka mezani mahali palepale.

Lugoda alitazama tope, akatazama simu. "Kavu," alisema. "Sifuri. Jembe waliliidhinisha wenyewe, ndiyo maana bado niko hapa. Mama, tunakusikitikia kwa ukame."

"Linachuruzika mezani kwako!"

"Naona, mama. Macho ninayo. Lakini lango halifungwi kwa macho yangu."

Sikitu alirudi akiwa na njaa na hasira. Alimkuta Kombora ameketi chini ya mlingoti, anamlinda mgeni asiibwe. Kombora hakuthubutu kumchomeka tena ardhini, kwani hakujua kama kumrudisha mgeni kazini kunahitaji barua. Kando yake ilikuwapo ile ndoo ya zamani, imejaa maji.

Sikitu aliitazama ndoo. Akamtazama mgeni. Akayatoa meno matatu msumarini, akayatumbukiza ndooni, *chubwi*.

"Bi Sikitu!"

"Nyamaza kwanza."

 Haikupita saa, wakasikia kutoka kule juu mlio wa chuma kikishuka juu ya chuma. Maji ya mferejini yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Kombora alicheka taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza Sikitu kuyaona meno yake.

Tangu siku hiyo mambo ya Kitope yalirudi kama yalivyokuwa, isipokuwa yalikuwa na mlingoti. Sikitu aliingia shambani, akachota konzi, akaminya, akaachia. Bonge likisambaratika, mgeni alitundikwa juani. Bonge likitua zima, mgeni aliingia ndooni. Makao makuu waliona hesabu ya Kitope ikipanda na kushuka kwa adabu, siku zake zinapofika, bila makosa. Wakaandika ripoti kwamba kati ya wageni wote nchini, wa Kitope ndiye aliyeielewa kazi.

Mbegu zilikauka vizuri. Zilikuwa robo tatu ya mwaka wa kawaida, lakini zilikuwa nyeusi na ngumu, na zingetosha kaya zote. Sikitu alizipepeta mwenyewe, akazifunga.

Ripoti ile ikamleta Waziri. Magari safari hii yalikuwa ishirini na mawili. Yalifika bila taarifa, siku ambayo bonge lilikuwa limetua zima. Waziri alishuka, akatembea hadi mlingotini, akasimama. Mgeni wake alikuwa ndani ya ndoo.

"Nini hiki?" aliuliza Waziri.

Lugoda alikuwa nyuma yake, amebadilika rangi. Tayari alikuwa anawaona popo. Kombora alipiga saluti akasahau kuushusha mkono. Sikitu aliona jinsi mambo yalivyo: kweli ingemfunga Kombora, ingemhamisha Lugoda, na mlingoti ungewekewa uzio.

"Anaoga, mheshimiwa," alisema.

"Anaoga?"

"Amelima, amechafuka. Mgeni wako tungemwachaje na tope?"

Waziri aliinama akamtazama mgeni majini, waandishi wa habari wakainama naye. Kisha akatoa kitambaa, akafuta jicho.

"Mmeona?" alisema kwa sauti iliyokatika. "Mmeona utu? Huko kwingine wageni wangu wamekaa ardhini miezi mitatu, hakuna aliyewakumbuka kwa maji ya kuoga! Naagiza, na hili ni agizo: kuanzia kesho wageni wote wa Serikali, nchi nzima, watolewe ardhini, waogeshwe, na wasitolewe majini mpaka mimi mwenyewe nitakapotoa tamko!"

Makofi na vigelegele. Sikitu alipewa cheti cha ukarimu. Kabla vumbi la msafara halijatua, Kombora alikuwa amekwisha kuapa kwamba siku bonge litakaposambaratika atamtoa mgeni ndooni, agizo au si agizo, na Kitope ilicheka kwa siku mbili. Sikitu ndiye aliyecheka zaidi, akiigiza jinsi Waziri alivyofuta jicho.

Siku ya tatu redio ikatangaza kwamba Ustawini imeushinda ukame. Kote nchini udongo ulikuwa umefikia asilimia mia moja, jambo ambalo halijapata kutokea duniani. Wimbo ukapigwa. Sikitu aliisikia habari hiyo akichambua mchele, na kicheko kikamkauka. Alijua asilimia mia moja maana yake nini. Maana yake ni kila lango, kila bonde, limefungwa.

Akajiambia kuwa hayo si yake. Yeye mbegu zake anazo.

Wiki ya pili, siku ya kugawa mbegu, kaya zote zilikuwa uani kwake na vibuyu vyao. Akaingia mwanamke asiyejulikana na mtu, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Mkwaju.

"Hodi jamani. Namuulizia mwenye cheti. Yule aliyemwambia Waziri mgeni anaoga."

Watu walianza kutabasamu, kisha wakaacha. "Ni mimi," alisema Sikitu. "Karibu, dada. Keti unywe maji."

"Sitaki maji ya kunywa." Mwanamke alifungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na konzi ya udongo. "Naitwa Zawena. Nilikuwa na mahindi, yalikuwa yamefika kiunoni. Nimekuja nikuone uso, basi. Nione ni mtu gani."

Sikitu aliona haya namna ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe.  Aliinuka, akamshika Zawena mkono, akauchukua ule udongo kidogo, akauweka kiganjani mwa mwenyewe, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Minya."

Zawena aliminya.

"Achia."

Udongo haukufika hata chini. Upepo uliuchukua njiani. Zawena alianza kulia, na Sikitu naye.

"Mgeni wenu yuko wapi?" aliuliza Sikitu.

"Ndooni. Mgambo anamlinda, hatumgusi."

"Mgambo ana shamba?"

"Analo. Limekauka kama langu."

"Basi mwambie hivi. Mtu akishaoga hukaushwa, la sivyo ataugua, na nani atajibu Wizarani mgeni akifa kwa mafua? Mtundikeni juani. Maji yatakuja. Kila siku chota udongo ufanye hivi ulivyofanya sasa, na siku bonge litakapotua zima, mwogesheni. Bondeni mwenu wafundishe wengine, na wao wakafundishe wa mbele yao."

"Na tukiulizwa?"

"Nani atauliza? Kule wanatazama kioo, na hesabu yetu inayopanda na kushuka ndiyo waliyoisifu."

Akachota mbegu, si za kibuyu cha mtu mwingine bali cha kwake, akazifunga katika pindo lilelile lililokuwa na vumbi. Zawena alitaka kushukuru.

"Usinishukuru," alisema Sikitu. "Mahindi hayangoji. Nenda kamwanike mgeni wako."